Nyama Chini ya Samli

Sogea karibu, wewe unayenisikiliza, nikueleze jambo hili taratibu, maana nikiliharakisha hasira itanitangulia na hutaelewa kitu. Nimewafundisha watu wengi katika maisha yangu, makarani wachanga na wazee waliotaka kujua kuandika majina yao, na sikumbuki kumpigia mtu kelele kwa sababu hakuelewa. Asiyeelewa nilimrudia, hata mara kumi. Lakini mchana mmoja wa Jumamosi mjini Garissa, miaka ile ya hamsini, wiki chache kabla mvua kubwa haijaifunga barabara, bado siwezi kuusimulia kwa utulivu. Tuvumiliane.

Wakati huo nilikuwa karani wa pili katika boma, ofisi ya mkuu wa wilaya. Tuliozoeana pale kazini tulikuwa wanne. Wa kwanza ni karani mkuu, mtu wa mjini, msomi kutuzidi sote, mwenye ulimi mwepesi. Wa pili ni dresa wa hospitali, mfunga vidonda, mtu wa maneno machache. Wa tatu ni mkalimani, Msomali wa upande wa Modogashe, ambaye hakuwa amemaliza hata mwaka kazini. Wa nne mimi, niliyezaliwa kusini huko, kwenye vijiji vya mto karibu na Masalani.

Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ofisi ikifungwa adhuhuri, tulikwenda kula pamoja kwenye hoteli ya Baniani mmoja, Mhindi mwenye duka. Ninaposema hoteli usifikirie vitanda. Kilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka lake, chenye meza tatu na viti vya mbao, na nyuma ya pazia alikuwepo mke wake akipika. Alitupa wali, dengu, chapati laini, mtindi na achari ya embe iliyotufanya tufute machozi, vyote katika sahani za shaba zilizong'arishwa mpaka ungeweza kujitazama ndevu.

Nikueleze kwa nini tulikula pale na si kwingine, kwa sababu bila hilo hutaelewa yaliyofuata. Sisi wanne hatukuwa wa dini moja. Penye nyama, lazima mmoja aulize nani amechinja, na mwingine ajione ameulizwa yeye. Kwa Baniani hapakuwa na nyama, wala mfupa, wala yai. Basi hapakuwa na swali. Mji mzima ule, na joto lake na vumbi lake, meza ile ndiyo ilikuwa mahali pekee ambapo watu wanne kama sisi waliweza kuchovya chapati bila mmoja kumwangalia mwenzake vidole. Mimi niliipenda meza ile. Ndiyo maana nina hasira.

Sasa mkalimani. Alikuwa mrefu, mpole, mwenye Kiswahili cha kujifunzia sokoni. Mahali pa "p" mara nyingi aliweka "b", na tulimwelewa vizuri sana. Mke wake alikuwa na mimba ya tatu. Mbili za kwanza watoto walikwama wakazaliwa wamekufa, na mara ya pili ilibaki kidogo tu mama mwenyewe aende naye. Daktari aliyepita kwa safari alimpima, dresa akiwapo, akasema waziwazi: huyu asijifungulie hapa. Apelekwe hospitali kubwa Nairobi kabla siku zake hazijatimia.

Kibali cha kumtoa wilayani, maana wakati ule mtu hakutoka bila karatasi, nilikipiga taipu mimi mwenyewe, na ruhusa ya mume kumsindikiza pia. Shida ilikuwa safari. Mawingu yalishaanza kukusanyika. Malori mengine yalikuwa yameshaondoka, na wenyewe walisema hawarudi mpaka mvua ziishe na udongo ukauke. Lililobaki lilikuwa la Baniani mwenye hoteli, na lingeondoka Jumatatu asubuhi na shehena ya samli. Mwanamke wa mimba ile hawezi kukaa juu ya madebe siku mbili akirushwa na mashimo. Alihitaji kiti cha mbele, ndani, karibu na dereva. Na kiti cha mbele alikigawa Baniani mwenyewe.

Hayo ndiyo mkalimani aliyotaka: kiti kimoja cha lori.

Kwao, mtu hafungi safari kwenda kuomba jambo kubwa mikono ikining'inia. Jumatatu iliyotangulia, wiki moja kabla ya lori kuondoka, alisimama mbele ya meza ya karani mkuu, nami nimekaa ya pili, hatua tatu tu kutoka kwao.

"Karani mkubwa," alisema, "mtu akienda omba Muhindi jambo kubwa, natakiwa beleka nini? Sukari?"

"Sukari! Mwenye duka umpelekee sukari? Basi na nyuki umpelekee asali."

Mkalimani akacheka, akajikuna kidevu. "Nyama?"

Karani mkuu aliweka kalamu chini. Niliuona uso wake ukibadilika, kama wa mtu aliyeokota kitu njiani na hakuna anayemwona.

"Umesema la maana," akasema. "Hujaona pale hotelini hapaliwi nyama? Unajua kwa nini?"

"Mimi nadhani hana uwezo."

"Ana lori atakosa uwezo wa nyama? Ni heshima, bwana! Anajua nyinyi hamli kilichochinjwa na mkono wake. Kwa hiyo ameiacha kabisa, asiwaudhi wateja. Mwaka nenda mwaka rudi, dengu. Nyama anaiona ndotoni tu. Lakini iliyochinjwa na mkono wako wewe, ukamletea, akaila mbele yenu bila wasiwasi, huyo hakunyimi kitu. Lori lote atakupa."

"Masikini," alisema mkalimani. Alisema kwa uchungu wa kweli, na kama hujakaa na wafugaji nikueleze: kwake yeye, mwanamume mzima asiyeonja nyama ni mgonjwa au amefiwa. "Kila siku dengu! Na yeye nasema na sisi vizuri, nacheka na sisi."

"Na isiwe mbuzi," karani mkuu akaongeza. "Mbuzi ni wa kila mtu. Ng'ombe."

Kisha akageuka, akanitazama mimi. "Si kweli, karani?"

Hapo nikuombe usinikimbie, kwa sababu hapa ndipo hasira yangu ina mizizi yake, na si kwa karani mkuu peke yake. Mimi nilijua. Nikiwa mtoto, kijijini kwetu kulikuwa na duka la Baniani. Siku moja nilitumwa chumvi, nikaingia na kambare mkononi, nimetoka naye mtoni. Yule mzee aliruka nyuma ya kaunta kama aliyemwona nyoka, halafu akaniambia kwa upole nikamtundike samaki wangu nje kwenye mti, ninawe mikono, ndipo nirudi. Aliniambia kwao kitu chenye damu hakiingii nyumbani. Na ng'ombe, alisema, ng'ombe ni kama mama, hata kumtaja kwa kisu ni vibaya. Nilikuwa na miaka minane au tisa. Sikusahau kamwe.

Basi nilipoulizwa, "Si kweli, karani?", nilikuwa na jibu mdomoni. Lakini fomu yangu ya likizo ilikuwa juu ya meza ya karani mkuu, haijatiwa sahihi. Na zaidi ya fomu, nikwambie ukweli wote, kulikuwa na sehemu ndogo ndani yangu iliyotaka kuona itakuwaje. Nikainamia karatasi.

"Karani mkuu anamjua kuliko mimi," nikasema.

Mkalimani akatushukuru sote wawili, mkono kifuani, akatoka.

Nikueleze nyirinyiri, nyama ya akiba ya kwao, inavyotengenezwa, ili ujue kilichobebwa siku ile kilikuwa nini. Si nyama ya kuchoma ukala. Unachinja. Unaikata kamba ndefu nyembamba, unaianika juani mpaka ikauke. Unaikatakata tena vipande vidogo kama punje za mahindi, unavikaanga polepole katika samli, unatia hiliki. Mwisho unavipakia katika chombo cha mti, unamimina samli juu mpaka vizame kabisa na samli igande. Hapo hukaa miezi bila kuharibika. Kazi yote hiyo ni ya mwanamke. Na aliyeifanya wiki ile, akiinuka na kuinama penye moto na tumbo lake, jua la Garissa likiwa vile ulijuavyo au ulivyosikia, alikuwa yule yule anayetafutiwa kiti. Ng'ombe alikuwa dume changa, na walikuwa na ng'ombe wachache.

Siku nne nzima nilikuwa na nafasi ya kusema. Nilimwona mkalimani kila asubuhi. Siku ya tatu aliniambia, "Mke wangu naamka mabema, nakaanga mwenyewe, nasema mkono mwingine taharibu." Nikamwambia Mungu ampe nguvu. Nilijiambia kwamba atampa Baniani faraghani, chombo kimefungwa, kitarudishwa kwa adabu, yataisha. Mtu anayetaka kunyamaza hakosi sababu.

Jumamosi ikafika. Tuliketi meza ya katikati. Mkalimani alikuja wa mwisho, amevaa kanzu safi, amekumbatia chombo kilichovikwa kitambaa cheupe kama mtoto mchanga. Akakiweka chini kando ya mguu wake. Baniani akatuletea sahani kwa mikono yake mwenyewe, kama kawaida yake. Alikuwa mtu mfupi, mwenye miwani, mchangamfu.

"Karibu, karibu. Leo iko dengu ya kijani, mama ametia ndimu. Wewe mrefu, mbona nakonda? Kula, bwana, nyumbani watasema Muhindi ananyima."

Mkalimani alinitazama, akanikonyeza, kana kwamba anasema: unaona alivyo mtu mzuri?

Tulikuwa tumefika katikati ya chakula karani mkuu aliposafisha koo. "Bhai," akamwita, yaani ndugu kwa lugha yao, "mwenzetu ana ombi, na amekuletea kitu. Kitu cha kwao, cha thamani. Mpe, bwana. Kifungue hapo mezani akione."

"Hapa?" mkalimani aliuliza.

"Hapo hapo. Huyu ni mfanyabiashara, asichokiona hakipokei."

Dresa alimtazama karani mkuu, kisha akanitazama mimi. Nafikiri alianza kuelewa wakati ule. Mimi nilikuwa nikitazama achari.

Mkalimani akainuka, akakiweka chombo katikati ya sahani za shaba, akafungua kitambaa, akalegeza kamba ya ngozi, akainua kifuniko. Harufu ya hiliki na moshi ikajaa chumba. Juu kulionekana samli tu, manjano, imeganda laini bila doa.

Baniani akafurahi. Alikuwa mnunuzi wa samli miaka mingi, na ile aliitambua kwa macho. "Aa! Samli namna hii sijaona mwaka huu," akasema, akachovya ncha ya kidole, kama anunuavyo kila siku dukani, akakiinua kuelekea mdomoni.

"Kula, baba," mkalimani alimwambia kwa furaha. "Samli ni ya juu tu. Nyama iko chini. Nyama ya ng'ombe. Mimi mwenyewe nachinja, na mke wangu nabika kwa ajili yako."

Kidole kilisimama upana wa kucha kutoka mdomoni.

Sijui nikuelezee vipi uso ule. Nimewaona watu wakiambiwa wamefiwa. Mkono wake aliunyoosha mbali naye, kama si wake tena, akatembea hivyo hivyo mpaka nyuma ya pazia. Tukasikia maji yakimwagwa, na yakimwagwa, na yakimwagwa. Sauti ya mke wake ikauliza kitu kwa lugha yao, yake ikajibu neno moja au mawili. Mke akatoka. Hakutufokea. Alizichukua sahani mbele yetu, zenye chakula na zisizo nacho, akaenda kuzimwaga uani. Akarudi akachukua sufuria ya wali. Akarudi akachukua ya dengu. Chakula chote cha siku ile, na cha wateja ambao hawajaja, alikimwaga mchangani mbele ya macho yetu, machozi yakimtiririka.

Na karani mkuu alikuwa akicheka. Alicheka mpaka akakohoa, mpaka akashika meza. "Nyama iko chini!" alirudia, akigonga meza kwa kiganja. "Jamani! 'Kula, baba, nyama iko chini!' Nitakufa mimi!"

Mkalimani alisimama na kifuniko mkononi, akitutazama mmoja mmoja, akaishia kwangu, niliyezoea kuitwa naye walaal, yaani ndugu. "Nimekosa nini? Walaal, mimi nimefanya nini?"

Baniani alitokeza. Miwani ilikuwa imelowa maji. "Tokeni," akasema. "Wote. Mimi ni mtu mdogo hapa, lakini hii ni nyumba yangu. Mnakuja kunitukana juu ya meza ya mke wangu. Tokeni."

Tulitoka. Karani mkuu alishika njia ya nyumbani kwake akicheka peke yake, na dresa akashika ya hospitali. Mimi nilitembea na mkalimani mpaka penye kivuli cha ukuta wa ghala, nikamweleza. Nilimweleza polepole, kama ninavyokueleza wewe, habari ya damu na nyumba, na ng'ombe ambaye ni kama mama. Alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa na chombo chake kwapani, kitambaa kinaburuta vumbini.

"Haya nani kakufundisha?" aliuliza.

"Nilijifunza utotoni."

"Utotoni," akasema. "Basi Jumatatu ile, karani mkubwa nauliza wewe, 'si kweli?' Wewe ulijua."

"Nilijua."

Aliitikia kwa kichwa, mara nyingi. Hakupandisha sauti. "Yule nacheka, mimi najua sasa yeye ni mtu gani. Lakini wewe nilikuita walaal. Mke wangu amesimama kwa moto siku nne. Wewe uliangalia karatasi."

Akaenda zake.

Usiku ule sina la kukusimulia. Asubuhi ya Jumapili nilikwenda dukani kwa Baniani, nikakaa kwenye benchi la nje, maana sikujua kama naruhusiwa kuingia. Mke wake alikuwa uani na jivu na ndimu, anasugua shaba. Meza zilikuwa zimetolewa nje juani, zimemwagiwa maji. Nilikaa mpaka mwenyewe alipokuja kuniuliza nataka nini.

Nikamwambia yote. Sikumpunguzia karani mkuu, wala sikujipunguzia mimi. Nilimweleza kwamba yule mrefu aliambiwa nyama imeachwa kwa heshima ya wateja, na kwamba hakuja kumtukana. "Alikuonea huruma," nikamwambia. "Alichinja kwa sababu ya huruma."

"Huruma?" Baniani alivua miwani. "Miaka yote Wasomali wananiletea samli, hakuna hata mmoja aliyenipa nyama. Wanajua. Nikasema, huyu ametumwa kunichafua."

"Alitumwa, ndiyo. Lakini hakujua ametumwa."

Alikaa pembeni yangu kwenye benchi. Akauliza ombi lenyewe lilikuwa nini, kwa sababu jana hakuna aliyefika kulisema. Nikamwambia: kiti cha mbele, cha mke wake, ana mimba, amezika wawili, na daktari ameamuru aende. Nikamwambia pia ni nani aliyeipika ile nyama.

Kisha akasema kiti hakipo. Kabini ina nafasi mbili ukimtoa dereva, na Baniani mwenyewe anasafiri na mke wake, ambaye hajawaona ndugu zake tangu mvua za mwaka jana. Hilo halikuwa na hila. Nilijua ni kweli.

Mke wake alikuwa ameacha kusugua. Sikujua kama Kiswahili chetu anakifuata. Aliongea kutoka uani, kwa lugha yao, sauti kavu. Mume akajibu. Yeye akaongea tena, kwa ufupi zaidi, akarudi kwenye sahani zake.

"Anasema nini?" nikauliza.

"Mama nasema mwanamke atakaa naye ndani." Baniani aliirudisha miwani usoni. "Na mimi nitakaa juu, na madebe. Mwambie yule mrefu. Lakini chakula cha njiani, maziwa na tende tu. Mwambie mwenyewe, na umweleze vizuri. Wewe unajua kueleza."

Neno hilo la mwisho lilinichoma, na nadhani alikusudia.

Jumatatu asubuhi nilisimama karibu na kivuko. Lori lilipita polepole. Ndani niliona shuka la kichwa la mke wa mkalimani, na kando yake mke wa Baniani, ameshika kapu katikati yao. Juu, kwenye madebe ya samli, walikaa wanaume wawili, kila mmoja amejishikilia kamba upande wake, mmoja mrefu, mmoja mfupi mwenye miwani. Walikuwa hawajaanza kuzungumza. Niliinua mkono. Mfupi aliinua wake. Mrefu alitazama mto.

Nikaingia ofisini. Karani mkuu alikuwa ameshapata habari.

"Haya," akasema, akitabasamu. "Si kapata kiti? Mbona umenuna? Bila mzaha wangu, yule Muhindi angemwambia nafasi zimejaa, kwaheri. Mnapaswa kunishukuru."

Nilisimama. Katika miaka yangu yote ya kazi hiyo ndiyo mara pekee niliyopaza sauti ofisini. Nilimwambia: "Ulimpikisha mwenye mimba siku nne juani ili ucheke dakika mbili. Wale wazee wawili walimwaga chakula chao mchangani. Kiti walikitoa wao. Wewe hukutoa kitu. Usikae hapo ukachukua shukrani ya watu." Alisema ni mzaha tu, kwamba watu wa mtoni hatujui mzaha, na fomu yangu ya likizo akairudisha bila sahihi. Sikuenda likizo mwaka ule. Hilo halikuniuma hata kidogo.

Mtoto alizaliwa Nairobi, wa kike, mzima. Mama pia mzima. Walirudi barabara ilipokauka, na nilimwona mtoto mara moja, kwa mbali, mgongoni. Na tangu hapo kila niliyemsimulia habari hii ananiambia vile vile: basi si yaliisha vizuri? Hasira yangu inawaka upya kila nikisikia hivyo. Hayakuisha vizuri. Baniani hakurudisha tena zile meza ndani. Aliuza sukari na nguo juu ya kaunta, na chakula akawapikia watu wa nyumba yake tu. Sisi wanne hatukuketi tena pamoja, hapo wala kwingine. Mkalimani alinisalimia kazini kwa adabu mpaka siku niliyohamishwa, lakini lile neno walaal hakunipa tena. Na nilistahili kunyimwa.

Sikwambii haya ili uniliwaze. Nakwambia kwa sababu wewe bado una nafasi ambayo mimi niliitupa, na ni nafasi rahisi sana, haihitaji ujasiri mkubwa wala elimu. Ukitaka kumpelekea mtu chakula, nenda kwanza mikono mitupu, simama mlangoni kwake, umuulize yeye mwenyewe nini kinaingia nyumbani kwake na nini hakiingii. Na ukiwa umekaa mahali, ukasikia mtu anaelekezwa vibaya ili achekwe, usiinamie karatasi zako. Inuka, mwite nje, umwambie, kabla hajafika nyumbani kuchinja.